Salamu za Krismasi, kaskazi ikianza kuvuma

Ndugu, jamaa na marafiki wote mlioko Unguja na Pemba, na nyinyi mliovuka maji kwenda kutafuta riziki Dar, Tanga, Muscat na kwengineko: Krismasi njema.

Kaskazi imeshaingia. Embe zimejaa Darajani, na ukizibeba kwa miguu mpaka Mkunazini, shati limeshagandana na mgongo kabla hujafika. Zile kadi za theluji na kulungu tunatumiana tu kwa mazoea. Krismasi yetu ni ya jasho na upepo wa bahari, na upepo wenyewe una historia yake. Ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, na tende zake na nguo zake. Ikigeuka kusi, majahazi yakarudi kwao na pembe za ndovu, boriti na watu.

Ndiyo maana kwangu mimi ni vigumu kuimba habari za mtoto aliyelazwa horini bila kufikiri pale ninaposimama ninapoimba. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, watumwa wasisafirishwe tena baharini na masoko yao yafungwe. Siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo hapa Mkunazini, papo hapo palipokuwa soko la watumwa. Krismasi ya 1877 ikasaliwa ibada ya kwanza, ujenzi haujakwisha. Husimuliwa kuwa altare imewekwa ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko, na mbele yake sakafuni pana duara la marumaru linaloonesha mahali penyewe. (Wageni huoneshwa pia zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, mafundi walipoachwa peke yao. Hazikung'olewa.)

Wamisionari wa Kianglikana waliolijenga walikuwa tayari na ardhi Mbweni, nje ya mji, penye hewa safi na pasipo kumbukumbu mbaya. Wangeweza kujenga huko kanisa kuu lao na soko likaota majani, watu wakasahau. Askofu Edward Steere akachagua soko. Naamini chaguo lile lilikuwa mahubiri makubwa kuliko yote aliyowahi kuyatoa, maana tangu siku ile hakuna padri anayeweza kusimama pale akazungumzia neema kama jambo la hewani. Kila anayepokea mkate na divai amepiga magoti mahali ambapo mtu alitiwa bei.

Na tusidanganyane kuwa dhambi ile ilikuwa ya kabila moja au dini moja. Walikuwepo machifu wa bara waliouza mateka wao, viongozi wa misafara, matajiri waliotoa mikopo, wenye mashamba ya mikarafuu hapa Unguja na Pemba, na Wafaransa waliotaka vibarua wa mashamba ya miwa kwenye visiwa vyao. Agostino, yule askofu Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, anasimulia alivyoiba mapeasi ya jirani akiwa kijana wa miaka 16. Njaa hakuwa nayo, na kwao yalikuwepo mazuri zaidi. Anasema peke yake asingethubutu, lakini alikuwa na wenzake. Aliyewahi kurusha mawe kwenye mwembe wa watu anaelewa. Dhambi nyingi tunazifanya kwa kundi, kila mmoja akiona sehemu yake ni ndogo.

Majilio haya nimeisoma tena sura ya kwanza ya Mathayo, ile orodha ya majina tunayoiruka kila mwaka ili tufike haraka Bethlehemu. Sisi watu wa visiwani tunajua ukoo ni kitu gani. Posa ikija, wazee wanaulizana: huyu wa nani, ametokea wapi? Na tunajua jinsi babu fulani anavyorukwa katika kuhesabu. Mathayo hafichi aibu za ukoo. Yumo Tamari, aliyezaa na mkwe wake. Yumo Rahabu wa Yeriko. Halafu anafika kwa Daudi, mfalme tunayemsifu kwa zaburi, naye anaandika kwamba alimzaa Sulemani “kwa yule mke wa Uria”. Angeweza kumtaja Bathsheba kwa jina lake. Badala yake akamtaja mume, yule askari aliyepelekwa mstari wa mbele auawe ili mfalme amchukue mkewe. Aliyedhulumiwa ameandikwa ndani ya ukoo wa Mwokozi, na kila Krismasi jina lake linasomwa.

Wale waliouzwa Mkunazini wengi wao hatuna majina yao. Sanamu zilizo nje ya kanisa, zilizochongwa na msanii Clara Sörnäs mwaka 1998, watu watano shimoni na minyororo shingoni, hazina majina. Mmojawapo wa wachache tunaowajua ni Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyetekwa na kuletwa Unguja akiwa mtumwa. Mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Nikisikia mtu akisema neema haionekani, namkumbuka huyo.

Lakini neema ina mwendo wake, na mara nyingine mwendo huo unakera. John Newton, baharia Mwingereza wa biashara ya watumwa, alikumbwa na dhoruba baharini mwaka 1748 akamlilia Mungu, akaokoka na mauti. Siku ile aliihesabu kuwa mwanzo wa imani yake. Je, aliacha biashara ya watumwa? Hakuacha. Baada ya hapo ndipo alipopewa unahodha wa meli za watumwa, akisali ndani huku watu wamefungwa minyororo chini. Alitoka baharini mwaka 1754 kwa sababu ya maradhi. Akaja kuwa padri, na ule wimbo wake, Amazing Grace, aliuandika kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773. Hapo bado alikuwa hajasema hadharani neno lolote dhidi ya biashara ile. Kijitabu cha kuilaani alikitoa mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, akaeleza kwa uwazi aliyoyaona na aliyoyafanya.

Wapo wanaomwona mnafiki. Mimi simtetei kwa miaka ile 40. Waliokuwa chini ya sitaha hawakuwa na miaka 40 ya kumsubiri. Hata hapa kwetu, ibada zilikuwa zikiendelea Mkunazini na utumwa ukiwa bado halali mitaani mpaka amri ya 1897, na ya mwisho ikaja 1909. Ninachokiona kwa Newton ni kwamba msamaha aliopewa haukumpa ruhusa ya kunyamaza. Paulo alijiuliza swali hilo zamani: tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu, hasha!

Katika sikukuu tunapenda kuambiana yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali nzuri, ila huipenda zaidi mwenye deni kuliko mdai. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuitumia. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajalipa hata senti. Hiyo ndiyo neema. Kisha mwenye nyumba akasimama, akaanza hesabu: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Basi kabla ya mkesha, kama kuna dada wa kazi ambaye mshahara wake umezuiliwa tangu Oktoba, alipwe. Kama kuna shamba la mikarafuu la mayatima ambalo ami mtu analivuna kama lake, lizungumzwe. Ungamo kwa padri lina nafasi yake, lakini padri hakudhulumiwa shamba.

Salamu za pekee kwa vijana wetu watakaokuwa zamu kwenye mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, wakiwahudumia wengine Krismasi yao. Kwa wauguzi wa usiku Mnazi Mmoja. Na kwa ndugu wachache wa Wete na Chake Chake. Mkiimba mkiwa kumi mnasikika vile vile.

Na kwa majirani zetu Waislamu, ambao Idi iliyopita walitujaza pilau na kaimati: sahani zinakuja mchana wa tarehe 25. Najua kwenu sahani hairudi tupu, lakini safari hii msihangaike. Heri ya Krismasi, na mwaka mpya uwe wa kheri kwetu sote.