Mdogo wangu, weka kompyuta pembeni kwanza

Mdogo wangu,

Skripti yako ya filamu niliisoma jana usiku, na leo asubuhi nikairudia. Kurasa 23. Mwalimu wako amewapa dakika 8. Hilo nitalifikia. Naandika hadharani badala ya kukurekodia sauti kwenye simu kwa sababu najua si wewe peke yako. Kila muhula kuna mwanafunzi amekaa mbele ya kompyuta na nesi wake, gari lake la wagonjwa, siri yake ya familia, na mvua inayonyesha sini ya mwisho, yaani tukio la mwisho la filamu.

Usininunie. Mvua ya sini ya mwisho nami niliwahi kuinyesha.

Filamu yangu ya kwanza chuoni ilikuwa ya mzee fundi saa ambaye mwanawe hataki kurithi kazi. Niliiandika kwa siku mbili usiku na mchana, nikajiona nimemaliza yote. Kulikuwa na sini niliyoipenda kuliko zote: mzee anaifungua saa ya marehemu mkewe, anaisogeza karibu na midomo, anaipuliza taratibu kama anayemwamsha mtu usingizini. Nilipoimaliza nilifuta machozi, kweli kabisa. Mwenzangu mmoja darasani akaisoma, akauliza: umewahi kukaa na fundi saa akiwa kazini? Nilikuwa sijawahi hata kusimama mlangoni kwake.

Nikaenda. Nilikaa asubuhi tatu kwenye kigoda nyuma ya bega la fundi. Siku ya kwanza sikuuliza kitu, niliangalia tu mikono. Kile kioo cha kukuzia hakishikwi na mkono, kinabanwa kati ya nyusi na shavu, kwa hiyo akikugeukia kukusalimu anakutazama kwa jicho moja na uso umejikunja upande. Kila skrubu inayotoka inalazwa kwenye kisahani kwa mpangilio wa kutoka kwake, ili wakati wa kurudisha aanze na ya mwisho. Na vumbi hapulizi kwa mdomo. Ana kipira chenye mdomo mwembamba, anakiminya, pff, pff, kisha anaangalia tena. Siku ya pili nikauliza sababu. Akajibu bila kuinua kichwa: pumzi ina majimaji, na majimaji ndani ya saa ni kutu.

Sini yangu ikafia pale pale kwenye kigoda. Yule bingwa wangu wa miaka arobaini kazini alikuwa anaiharibu saa ya mkewe mbele ya watazamaji, na mimi niliyemwandika nimekaa nalia kwa uzuri wake.

Nilikasirika siku nzima. Usiku ndipo nikaliona: kumbe anayepuliza ni mtoto! Kijana aliyejifanya hajali anaichukua saa ya mama yake, anaipeleka mdomoni, na mzee anamshika kifundo cha mkono, anamwekea kile kipira kiganjani. Hakuna anayesema neno. Mtazamaji ambaye hajui lolote kuhusu saa anaelewa kwamba kuna kitu kimerithiwa. Kurasa 17 za kugombana, kulia na kukumbuka nilizitupa, zikabaki 6. Mvua nayo ikaondoka.

Ndiyo maana nasema weka kompyuta pembeni. Watu wakisikia utafiti wanafikiria kusoma, na kusoma soma, lakini makala kumi kuhusu unesi zitakupa kile ambacho kila mtu anakijua. Unachokitafuta ni kipira: kitu kimoja ambacho mkono wa mtu wa kazi hiyo hukifanya na mgeni hawezi kukibuni. Kwenye skripti yako nesi anasimama dirishani akiwaza mara nne. Nimehesabu. Anasimama dirishani kwa sababu hujui angekuwa anafanya nini.

Tafuta nesi wa zamu ya usiku, hata mstaafu. Mwambie wewe ni mwanafunzi, unaandika filamu ya kubuni, na hutamtaja. Usirekodi bila ruhusa, na habari za mgonjwa halisi usizichukue hata akikupa mwenyewe. Halafu chunga maswali. Ukimuuliza “unajisikiaje kuwa nesi?” atakupa hotuba, kwa sababu umeomba hotuba. Muulize: jana ulipoingia zamu, kitu cha kwanza kukigusa kilikuwa nini? Mgeni wa wiki ya kwanza hukosea wapi? Wenzako wakiona nesi kwenye filamu, mnacheka nini? Hilo la mwisho ni dhahabu, watu hufunguka wakipewa nafasi ya kulalamikia filamu. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Ukitoka, usipande hata gari kabla hujaandika kwenye daftari, maana ukifika nyumbani utakuwa umeshayalainisha maneno yake yakawa maneno yako.

Sasa urefu. Kipimo cha wanaoandika skripti ni kwamba ukurasa mmoja, kwa herufi za Courier ukubwa wa 12, ni kama dakika moja ya filamu. Si sheria ya mahakama. Ukurasa wa majibizano huenda mbio, na mstari mmoja wa “anavuka uwanja” unaweza kula dakika nzima. Lakini kwa kipimo hicho, dakika yako ya 8 inakwisha nesi akiwa bado anafunga viatu nyumbani. Usinijibu kwamba tuzo za Oscar wanakubali filamu fupi hadi dakika 40 pamoja na yale majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni. Nalijua hilo. Tamasha la filamu la Cannes wao mwisho ni 15. Wewe mwalimu wako amesema 8.

Na dakika 8 ni nyingi. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Lumière, Wafaransa waliokuwa kati ya watengenezaji filamu wa kwanza, walipoonyesha filamu zao jijini Paris kwa watu waliolipa kiingilio, kila moja ilikuwa chini ya dakika. Mojawapo ni ya mtunza bustani anayemwagilia: kijana anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mzee anachungulia mdomo wa mpira, kijana anainua mguu, mzee analowa, kijana anakamatwa na kuchapwa. Kuna shida, kuna kosa, kuna malipo, na mguu mmoja juu ya mpira ndio unaoendesha yote. Ousmane Sembène, mtengenezaji filamu wa Senegal, naye mwaka 1963, kwenye filamu yake Borom Sarret, alichukua mwanamume mmoja, mkokoteni mmoja na siku moja ya Dakar, na kwa dakika zisizofika hata 25 ukaujua mji ule unavyogawa watu wake. Wewe una wahusika tisa. Wawili kati yao wanaitwa “Daktari 1” na “Daktari 2”, na nina hakika hata wewe huwatofautishi.

Kwa hiyo jaribu hivi: hadithi nzima iandike kwa sentensi moja yenye mtu, anachokitaka usiku huo, na kinachomzuia. “Filamu kuhusu uaminifu” hiyo ni mada ya insha. “Nesi aliyekosea dozi ana hadi mwisho wa zamu kuamua kama ataandika ukweli kwenye faili” hiyo naiona. Imo ndani ya skripti yako, ukurasa wa 14, imefunikwa na ugomvi wa mumewe. Mume simchukii, ila sijui amefuata nini.

Sentensi ikishasimama, chukua kadi, au kata karatasi. Kila sini kadi yake. Usiandike kinachotokea tu, andika chini yake nini kimebadilika sini ilipokwisha. Kama huwezi kujaza mstari huo wa chini, kadi hiyo haina kazi. Zitandaze sakafuni, ondoa moja, pitia hadithi tena. Isipochechemea, usiirudishe. Nilipofanya hivi na ya kwako kichwani nilibaki na kadi sita, labda saba. Baada ya hapo isimulie kwa kurasa mbili za maneno ya kawaida, wakati uliopo, bila majibizano, umpe mtu asome. Atakapouliza “subiri, huyu ni nani?” weka alama hapo.

Majibizano yaje mwisho. Najua unayapenda, na una sikio zuri, lakini wahusika wako wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua (“kama unavyojua, dada yangu, mama alifariki miaka mitatu iliyopita…”). Filamu fupi ya Kifaransa Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse, ya 1956, ina maneno machache mno, na ndiyo iliyopewa Oscar ya skripti bora. Nakukumbusha kwa sababu uliniambia skripti ni maneno ya wahusika.

Halafu kuna mambo ambayo walimu wengi huyaacha hadi wiki ya kupiga picha, na mimi naona ni kazi ya mwandishi. Una siku mbili za kamera. Umeandika gari la wagonjwa, mvua, umati, mtoto mchanga na mbwa. Mbwa! Wapo wanaosema andika kwa uhuru, mengine yatajipanga. Huenda kwa filamu ndefu yenye fedha ni kweli. Kwa mwanafunzi, hesabu ulichonacho kwanza: chumba gani utapewa, saa ngapi, nani anaweza kuigiza, taa ngapi. Sini za nje usiku zinataka taa kuliko unavyodhani. Korido moja na meza moja ya nesi zinatosha kwa kadi zako zote sita.

Na ukienda kukagua chumba, fumba macho. Mimi karakana ya filamu yangu ya fundi saa niliichagua kwa macho, meza nzuri, mwanga wa dirishani mzuri. Siku ya kupiga picha, saa tatu kamili, jirani akawasha mashine ya kukata chuma. Sini yetu ya ukimya tuliipiga vipande vipande, sekunde kumi hapa, ishirini pale, kila alipozima kupumzika, na kwenye uhariri bado unaisikia ikianza kunguruma kabla picha haijakatika.

Muhula wako una wiki tano zimebaki. Tatu zitumie kabla hujaandika “SINI 1”. Utaona kama unapoteza muda, hasa wenzako wakianza kujisifu wako rasimu ya tatu. Waache.

Ukishaonana na huyo nesi, nitumie alichokigusa kwanza alipoingia zamu. Hicho tu. Na kadi zako zipige picha zikiwa pale pale sakafuni, usizipange vizuri kwa ajili yangu.

Kaka yako