Mhariri, muvi za kuimba zisihukumiwe zote kwa pamoja

Mhariri, kuna msomaji kalalamika humu kwamba muvi za mapenzi zenye kuimba ni kero, watu wanaongea vizuri tu mara mtaa mzima unacheza, nani kawafundisha hizo step saa ngapi? Namuelewa kabisa, hata mimi wimbo ukianza huwa naenda kuinjika chai. Ila aitafute Once, ya Ireland, ya mwaka 2007, kaiongoza John Carney, halafu aje tubishane.

Humo haimbi mtu bila sababu. Jamaa anapiga gitaa barabarani Dublin, gitaa lenyewe limetoboka, kazi yake nyingine ni kutengeneza mashine za kufyonza vumbi dukani kwa baba yake, anakutana na mdada wa Kicheki anayeuza maua, naye nyumbani ana mashine mbovu, basi kesho yake anakuja anaikokota mjini kama mbuzi wa mnada. Wanaingia duka la vyombo vya muziki, jamaa anamuelekeza nota, mdada kwenye piano anafuatisha taratibu, sauti zinakutana. Wimbo ndo huo Falling Slowly, ulibeba Oscar 2008.

Mi ilinimaliza pale usiku betri zinapoisha kwenye kicheza CD na mdada anatakiwa atunge mashairi ya wimbo wa jamaa. Anachokoa hela kwenye kibubu cha mwanae, anatoka na nguo za kulalia na ndala, ananunua betri, anarudi anaimba njia nzima hedifoni masikioni. Sasa hapo nani atauliza mbona anaimba? Yuko kazini!

Na mapenzi yapo jamani, tena yanauma, mdada ana mume aliyebaki kwao, hakuna hata busu.

Tena waliipiga siku 17 tu, kwa hela ya mawazo, kamera imekaa mbali hata wapita njia wengine hawakujua kinachoendelea. Glen Hansard na Markéta Irglová, walioigiza huyo jamaa na mdada, ni wanamuziki kwanza, na Carney mwenyewe alishapiga besi kwenye bendi ya huyo Hansard, The Frames.

Sasa Mhariri, maprodyuza wetu wakihojiwa kwenye ukurasa wenu wimbo ni bajeti, bajeti. Wapiga magitaa wa baa tunao, waimbaji wa taarabu tunao, kwaya ndo usiseme. Siku nyingine mkiwahoji waulizeni wanangoja nini.

Ni mimi msomaji wenu,
Morogoro