Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee washauri, ndugu wanachama wa chama chetu cha mambo ya kale, mwangaluka, kama tunavyosalimiana Wasukuma.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha tena mwisho wa mwaka. Wazee wetu wawili waliotupa simulizi nyingi za enzi za watemi wametangulia mbele ya haki. Mungu awalaze mahali pema.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikwenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora pamoja na wanafunzi, tulifanya matembezi ya kiangazi Misungwi, Magu na Kwimba, kamati ilikaa vikao vyake, na kadi mpya za uanachama zimechapishwa. Mengine yamo kwenye taarifa ya Katibu.

Niingie kwenye jambo lililotugawa, yaani kile kilima cha upande wa Misungwi.

Kilima hicho kiko katikati ya shamba la mtama, kinazidi kimo cha mtu, na watu wa pale wamekuwa wakikisema kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni kaburi la mtemi. Wapo wanaosema Mjerumani alificha mali zake humo alipokimbia Mwanza mwaka 1916, Waingereza walipoingia. Baadhi ya wanachama wetu, bila kikao na bila kibali, walikubaliana na mwenye shamba wachimbe. Nilipopata habari nilikwenda siku hiyo hiyo, nikakuta sururu zinafanya kazi na shimo limefika magotini. Nilisimamisha kazi, nikatoa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, na shimo likafukiwa.

Tangu hapo nimeitwa majina mengi kwenye kundi letu la WhatsApp. Nimeambiwa nimeuza kilima, nimeambiwa nataka kuchimba peke yangu usiku. Nimenyamaza kwa heshima ya kiti hiki, lakini leo nitajibu.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba mahali pa kale ni lazima uwe na leseni. Mwenye shamba hawezi kukupa ruhusa hiyo, wala mwenyekiti wa chama hawezi. Ningenyamaza, chama kizima kingeitwa polisi, na jina la kwanza kuandikwa lingekuwa langu.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kilima kikishachimbwa ovyo hakisomeki tena. Nililiangalia lile shimo kabla halijafukiwa. Ukingo wake ulikuwa na matabaka: majivu, kisha udongo laini wa kijivu ambao ni mavi ya ng'ombe yaliyooza miaka mingi, kisha majivu tena, na katikati yake vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe iliyopasuliwa. Juu ya kilima ukoka umeota mzito wakati shamba la jirani limekauka. Hilo si kaburi wala ghala la Mjerumani. Kwa maoni yangu ni mahame, yaani zizi na jalala la watu walioishi pale muda mrefu na kufuga ng'ombe wengi. Kila tabaka lina zamu yake, na sururu inayatibua yote kwa dakika chache ili kutafuta rupia, fedha za Mjerumani, ambazo hazimo.

Najua wapo waliochukia kuambiwa kwamba kilima chao ni jalala. Ndugu zangu, hakuna aibu hapo. Vilima viwili vikubwa vya Ntusi kule Uganda ni malundo ya takataka, mavi ya ng'ombe na mifupa, na ndivyo vilivyowafundisha wataalamu jinsi watu walivyofuga na kulima pale karibu miaka elfu moja iliyopita. Kule Narok nchini Kenya, mazizi ya wafugaji wa hadi miaka elfu tatu iliyopita bado yanaonekana kwa majani yake tu, kwa sababu mbolea ile haijaisha ardhini.

Wala sidharau simulizi za wazee, kama inavyodaiwa. Pale Katuruka karibu na Bukoba, wazee ndio waliomwelekeza mtafiti Peter Schmidt mahali pa mfalme Rugomora Mahe na habari za chuma. Walipochimba, kwa utaratibu, walikuta tanuri za kuyeyushia chuma za zamani kuliko mfalme mwenyewe, za miaka kama elfu mbili. Mzee anaonyesha mahali. Umri wa mahali unataka kazi nyingine.

Uamuzi ule niliufanya mimi, nausimamia, na likitokea tena nitafanya vile vile.

Suala la daftari letu la kuorodhesha maeneo ya kale linaendana na hilo. Tulipokea maeneo 58 kutoka kwa wanachama. Kamati imefuta 31 kuwa ni vichuguu na 9 kuwa ni vya juzi, yakabaki 18. Malalamiko yamekuwa makubwa, lakini vigezo tulivitangaza mapema. Mchwa hubeba udongo mlaini tu. Hawezi kupandisha jiwe wala kigae. Nendeni mahali wafyatua tofali walipokata ubavu wa kichuguu mkaone: udongo ni wa aina moja juu mpaka chini, umejaa vijia, hauna jivu wala mfupa. Vile 9 vingine, baadhi ni nyumba zilizoachwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, maana tulikuta vipande vya bati na chupa. Vingine ni marudio, yaani malundo ya mabaki ya mawe na mchanga yaliyoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Na yale "mahandaki ya vita" yaliyoletwa kwa mbwembwe ni makinga maji ya enzi za mkoloni.

Kwa upande mwingine, lundo moja lililodharauliwa lilikuwa na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto ya kupulizia moto. Huo ni ushahidi wa wafua chuma, na nililitambua mimi nikipita tu njiani. Nalisema hili ili ijulikane kwamba mwenyekiti hafuti tu.

Sasa fedha na mahudhurio, na hapa nasema kwa uchungu. Tuko wanachama 64. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 19, waliolipa nusu ni 8, jumla shilingi 552,000. Matumizi ya usafiri, uchapaji na chai ni shilingi 731,000. Pengo la 179,000 nimeliziba kwa mfuko wangu na sijaomba kurudishiwa. Vikao viwili havikutimiza akidi, na wengi wasiofika ni wale wale wanaoandika maneno marefu kwenye simu. Mwanachama ambaye eneo lake limefutwa bado ni mwanachama. Kususa ada kwa sababu ya kichuguu si haki kwa wenzako wanaolipa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kumpata mtaalamu wa mambo ya kale aje kuyaona yale maeneo 18, Mungu akijalia na wafadhili wakipatikana. Tunatumaini pia kuweka vibao, na kuzungumza na vijiji ili wafyatua tofali wasiendelee kukata vilima vyenye vigae. Ziara ya Ukerewe tuliyoiahidi tutaitazama hali ya mfuko ikiruhusu.

Wenye madeni ya ada wamwone Mweka Hazina leo kabla ya chakula. Risiti zipo.

Naomba kuwasilisha.