Barua kuhusu viwavi wa mialoni

Mpendwa Salima,

Natumai wewe na watoto hamjambo. Sisi hapa Massachusetts tu wazima. Uliniuliza kwa nini hatupulizii dawa msitu mzima wakati viwavi wanaimaliza mialoni, nami nimeona nikujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linanigusa.

Viwavi hao ni watoto wa nondo aitwaye Lymantria dispar. Nondo huyu aliletwa kutoka Ulaya na Étienne Léopold Trouvelot, Mfaransa aliyependa kuchunguza wadudu, mwishoni mwa miaka ya 1860, akaponyoka mjini Medford, hapa Massachusetts, na kwa kuwa maadui zake wengi walibaki ng'ambo, alizaana kupita kiasi; jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 500. Ndipo watu wakaanza kuwaleta maadui hao. Inzi Compsilura concinnata, aliyeachiliwa mwaka 1906, humchoma kiwavi na kumwingizia funza mwilini, lakini hachagui: huwaua pia viwavi wa nondo wakubwa wenyeji wa misitu hii, ambao hawakumkosea mtu. Hilo kwangu ni hasara isiyosameheka.

Panya wa msituni nao hula mabundo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kugeuka nondo, hasa viwavi wakiwa wachache, ila viwavi wanapofurika, wauaji wakubwa ni maradhi. Simama chini ya mwaloni mwezi Juni utazame gome lake. Kiwavi aliyeuawa na kuvu ya Entomophaga maimaiga, yenye asili ya Japani, huning'inia wima, kichwa chini, amekauka. Aliyeuawa na virusi huning'inia akiwa amejikunja kama herufi V iliyopinduliwa, na ukimgusa ngozi hupasuka, yakatoka majimaji ya kahawia. Virusi hivyo humfanya mgonjwa apande juu mtini kabla ya kufa, ili majimaji hayo yadondokee majani wanayokula wenzake.

Kuvu hiyo ilionekana ikiwaua kwa wingi mwaka 1989. Chembe zake hukaa udongoni miaka mingi, zikingoja mvua za Mei na Juni. Ukame wa 2015 na 2016 uliidhoofisha, viwavi wakafurika. Mvua za 2017 ziliporudi, walikufa kwa wingi, ingawa mialoni mingi iliyovuliwa majani miaka mfululizo haikupona.

Kwa hiyo, kwa kuwa maradhi hayo huwapunguza viwavi yenyewe, dawa naiachia wenye mti mmoja mmoja wa thamani. Mimi, majira yakiwa makavu, huumwagilia maji mwaloni wa uani, upate nguvu ya kuchipua tena.

Wako,
Zuhura