Barua kwa Mwanangu: Mzizi Mmoja Hautoshi

Maryam mwanangu,

Assalamu alaikum. Picha ya mipigo ya umeme ya ugwe wa mgongo uliyotuma usiku nimeiona. Mawimbi mapana, yamepangana vizuri, nikafurahi kabla sijasoma maandishi ya chini: L2 ya kushoto, yaani mzizi wa neva wa pili wa kiunoni, basi. Mzizi mmoja! Na Ijumaa wamwonyesha msimamizi wako.

Mzizi mmoja hauthibitishi mwendo wa kutembea, mama. Ugwe wa mgongo wa panya mchanga, ukishatolewa mwilini, waweza kupiga wenyewe pande zote kwa pamoja, na kwenye elektrodi moja ukadhani ni kutembea. Weka elektrodi tatu: L2 kushoto, L2 kulia, L5 (mzizi wa tano) kushoto. L2 mbili zipokezane. L2 na L5 za upande mmoja zipokezane pia, kwani L2 huelekea misuli ya kukunja mguu, L5 ya kuunyoosha. Mwanafiziolojia Graham Brown, 1911, alikata ugwe wa paka na mizizi ya hisia, na kilichobaki kikawa ni huko kupokezana: kunja, nyoosha. Mtikisiko mtupu usingemwambia kitu.

Kushoto na kulia zikipiga pamoja, usikimbilie kusema umegundua jambo. Uliza nani alitumia mirija ya kupeleka maji na dawa kwenye ugwe kabla yako. Striknini, ile sumu, hung'ang'ania plastiki, nayo huzuia glisini, kemikali ambayo neva hutumia kutuliza neva nyingine. Kizuizi kinachovuka katikati ya ugwe kikikosekana, miguu huruka pamoja kama ya sungura. Panya walioondolewa niuroni za V0, zile zinazovuka kwenda upande wa pili wa ugwe, waliruka hivyo hivyo, 2013, huko huko Stockholm uliko. Mirija badilisha, usitegemee kuosha.

Dawa za kuamsha mwendo: NMDA mikromola 5, serotonini 8 hadi 10. Mipigo ikiungana ikawa kelele moja, punguza NMDA kabla ya kulaumu elektrodi. Panya asizidi siku 4, ugwe ukinenepa oksijeni haifiki ndani. Gesi iwe asilimia 95 oksijeni na 5 kaboni dioksaidi. Oksijeni tupu hupandisha pH, maji yakapungua asidi, kwa sababu ya bikaboneti iliyomo. Haya wayajua, na mkono wako wa kupasua umenizidi. Haraka ndiyo haijakuacha.

Maji ya bomba yamekatika tena, twanunua ya mkokoteni. Mamako yuwauliza kama chupa ya achari ilifika nzima. Fundi wa paa alichukua pesa ya mwanzo, hajaonekana. Wewe usitume kitu, nunua koti.

Elektrodi ya tatu kama hamna, kaazime chumba cha pili. Ikishindikana, Ijumaa isogezwe.

Babako