Mlango wa Nyumba Yetu Uko Ziwani

Ntoroko, Jumapili jioni

Rafiki yangu Mama Asha (au niseme shoga yangu, maana siku hizi wewe ni mtu wa pwani),

Salamu nyingi kutoka huku Ziwa Albert. Sisi wazima, Musa amerefuka kunipita.

Ule mlango wa nyumba yetu ya zamani, uliokuwa ukiuegemea ukinisubiri twende mwaloni, bado umesimama. Nyumba yenyewe haipo. Imebaki miimo miwili na mbao ya juu katikati ya maji, na kila asubuhi mnandi anatua pale kuanika mabawa, utadhani ndiye mwenye nyumba. Tulihama 2020, sasa tumepanga Karugutu, nami nashuka kwa bodaboda kununua samaki wa kukausha. Nauli inakula nusu ya faida.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kisima chenu Pangani kimeingia chumvi, sabuni haitoi povu, chai hainyweki. Nisamehe, kwanza nilicheka. Kisha nikafikiri: wewe na mimi tulikulia kwenye mdomo wa mto Semliki, ukaolewa ukaenda kuishi kwenye mdomo wa mto mwingine, na sasa yote miwili inatusumbua, kila mmoja kwa namna yake.

Wa kwenu nadhani nimeuelewa. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo bahari ikijaa hupenya chini chini, maji baridi ya mto yakielea juu. Mto ukiwa na nguvu unaisukuma bahari irudi. Lakini mto Pangani unafika kwenu umechoka. Umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita mashamba yanayouvuta kushoto na kulia, umezuiwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachobaki hakina ubavu wa kubishana na bahari. Bahari nayo haipungui, inapanda. Basi chumvi inakwea mto, na visima vya kando vinaionja.

Sisi shida yetu si uhaba. Hapa hakuna kupwa wala kujaa, hakuna bamvua (bahari ikijaa na kupwa sana) wala maji mafu (ikijaa na kupwa kidogo), majina uliyonifundisha. Kuna upepo wa jioni unaosukuma mawimbi ufukweni, halafu kuna ziwa lenyewe, ambalo likiamua kupanda halishuki kesho. Unakumbuka wazee walivyokuwa wakitusimulia maji ya miaka ya sitini? Tulidhani ni hadithi za kututisha tusicheze ufukweni. Mwisho wa 2019 mvua zilishuka kama zilivyoshuka 1961. Na sasa sikia jambo lililoninyima usingizi: miaka yote miwili chanzo kilikuwa bahari yenu. Bahari ya Hindi upande wenu wa magharibi ilipata joto kupita kawaida, upande wa Indonesia ukapoa, na upepo ukausukuma unyevu wote juu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo yale mafuriko yaliyoiondoa nyumba yangu yaliondoka huko unakoanika kanga zako!

Ziwa Victoria nalo lilijaa, na mwaka 2020 kipimo cha maji cha Jinja, pale Nile inapotokea, kikapita kidogo rekodi ya 1964. Maji yale yanashuka kwa Nile, yanapita Kyoga na maporomoko ya Murchison, na kuingia Ziwa Albert pembe ya kaskazini, jirani kabisa na pale ziwa linapotokea kwenda Pakwach. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea. Sisi huku kusini tunapokea Semliki, unaoleta maji ya Ziwa Edward na ya mvua za Rwenzori. Wote wanaingia, anayetoka ni mmoja.

Watu wanasema ni theluji ya Rwenzori inayeyuka. Ni kweli inaisha: 1906 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5, na kufikia 2003 ilikuwa chini ya moja. Lakini Musa alinipigia hesabu juu ya gunia la chumvi. Chukua kilomita moja ya mraba ya barafu nene mita 20, yaani kimo cha mnazi mrefu, uiyeyushe yote kwa siku moja, uimwage kwenye ziwa la kilomita za mraba 5,300. Linapanda chini ya nusu sentimita. Hiyo haizamishi hata kandambili.

Kinachotuumiza hapa mdomoni ni matope pamoja na maji. Semliki unabeba mchanga tangu juu. Ziwa likiwa chini, mto unashuka kwa kasi na kuutupa mzigo mbali ndani ya ziwa. Ziwa likipanda, mto unakutana na maji yaliyotulia mapema, kule nyuma kwenye mbuga. Unapunguza mwendo, mchanga unadondoka hapo hapo, sakafu ya mto inainuka. Mvua inayofuata inakuta njia haina kina, mto unavunja kingo na kuchagua njia yake. Ndiyo maana safari hii maji yalituingilia kwa mbele na kwa nyuma. Tuliweka viroba vya mchanga upande wa ziwa, mto ukapita uani.

Na mchanga huo haukuanguka kutoka mbinguni. Kwenye mikutano, kila kitu ni mabadiliko ya tabianchi, na wote tunaitikia kwa vichwa kwa sababu hiyo haimgusi mtu aliyeketi pale. Hakuna anayetaja ng'ombe waliomaliza nyasi kwenye kingo upande wetu mpaka zikawa zinamomonyoka vipande vipande kila mto unapofura, na mto ndio mpaka wetu na Kongo, ukihama unahama na ardhi, wenye malisho wanajua uchungu wake. Hakuna anayetaja matete na mafunjo yaliyokuwa yakichuja matope yasifike kwenye mazalia ya samaki wetu ngege. Nami nimo. Unakumbuka uzio wangu wa kuanikia muziri, wale samaki wadogo kama dagaa? Ulikuwa wa matete ya pale pale mdomoni, nikikata kila msimu.

Ufanye hivi kwa ajili yangu. Wiki ya bamvua, chota maji ya kisima asubuhi yakipwa, na tena yakijaa, uyaonje yote mawili. Kama tofauti ipo, basi jaza mapipa yakipwa, na usiruhusu mtu aweke pampu kubwa jirani, itaivuta chumvi karibu zaidi. Kisha uniandikie.

Ukisikia pia wavuvi wa huko wanalalamika bahari ina joto kuliko kawaida mwezi wa tisa au wa kumi, nipigie siku hiyo hiyo, usingoje barua. Kwenye mwimo wa kulia wa ule mlango nilipigilia misumari kuweka alama ya maji kila mwezi, na wa juu kabisa uko usawa wa bega langu. Muziri kilo mbili nimempa dereva wa lori, uwaloweke kwanza, wana chumvi.

Wako,
Mama Musa