Kabati limejaa, cha kuvaa hakuna: jipange kabla hujatoa hela

Kuna dada mmoja alikuja hapa kwetu tunaposhona nguo na mifuko miwili ya nguo, akaimwaga yote juu ya meza ya kukatia, akasema fundi mi nimechoka, kila asubuhi nasimama mbele ya kabati weee afu mwisho wa siku naishia kuvaa suruali nyeusi ileile na shati la bluu lilelile. Tukazihesabu. Nguo 43. Anazozivaa kweli kweli tisa. Hizo 34 nyingine wala hazijachakaa, kuna ambazo hata maji hazijaona mara tatu. Ikatoka sketi moja ya kijani, kitambaa kizito kizuri, bitana safi, mshono umetulia, lebo ya dukani bado inaning'inia. Nikamwambia hii dada mbona hujaivaa? Akajibu, sina blauzi ya kuvaa nayo.

Basi shida yenyewe ni hiyo. Nguo anazo, tena nyingi, ila hazijuani. Kila moja ilinunuliwa siku yake kwa sababu yake, hii ilikuwa ofa, hii alimwona nayo mtu mtandaoni, hii ya sherehe ya mtu, hii siku hiyo alikuwa amegombana na bosi akapitia dukani kutuliza roho. Hakuna siku alinunua nguo huku anafikiria nguo nyingine iliyoko nyumbani.

Dawa yake wenyewe wanaiita kabati la kapsuli, sisi hapa tumezoea kusema kabati dogo. Yaani unabaki na nguo chache zinazokubaliana, ya juu yoyote unaivaa na ya chini yoyote unatoka zako. Wengi wanadhani ni kitu cha juzi cha mtandaoni, sio kweli, Susie Faux aliyekuwa na duka la nguo London alishalifanya jina hilo kuwa maarufu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1985 mbunifu Donna Karan kule New York akaanza na vipande vyake saba vya kuchanganya vya mwanamke wa kazini. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanaongea na watu wenye hela ya kununua upya, sisi tunaongea na mtu ambaye hela ya nguo ni ile iliyobaki baada ya kila kitu, na saa ingine haibaki.

Twende kwenye hesabu kidogo maana ndo inayowafumbua watu macho. Nguo za juu tano, za chini nne, kama zote zinakubaliana hapo una pigo 20, yaani namna 20 za kuvaa ukatoka. Ongeza koti moja la kuvaa juu, kila pigo sasa unaweza kulivaa na koti au bila koti, tayari 40, na umetumia nguo kumi tu. Sasa geuza. Chukua ile sketi ya kijani ambayo itaenda na blauzi moja tu, tena ya kwenda kununua: imekuongezea pigo moja, basi. Suruali ya rangi tulivu inayoenda na nguo zako zote tano za juu imekuongezea matano. Mbele ya duka unachotakiwa kujiuliza sio nzuri au sio nzuri, nzuri zipo nyingi, jiulize hii nitaivaa na nini nilichonacho, na ukishindwa kutaja vitu vitatu hapohapo, irudishe kwenye henga.

Watu wanapenda kuuliza ziwe ngapi. Wapo wanaoenda na 33 kwa miezi mitatu, viatu na mapambo humohumo, na wapo wanaoishi vizuri na 50. Mi nadhani namba sio ishu kivile. Mtu anayevaa yunifomu kazini siku tano anahitaji nguo chache za kwake kuliko anayekutana na wateja, na mwenye mtoto mdogo anayetapika begani anahitaji fulana nyingi kuliko sisi wengine, hilo halina kitabu.

Anza hivi, na hii hatua haina gharama hata kidogo. Toa nguo zote weka kitandani, zote, na zile za kwenye sanduku. Unazozivaa weka pembeni, hizo usiziguse, hizo ndo zinakwambia wewe ni mtu wa namna gani hata kama picha ulizosevu kwenye simu zinasema kingine. Zilizokufa kabisa zifanye matambara. Afu linabaki lundo la tatu, la nguo ambazo unasema "ningeivaa kama". Kama isingekuwa ndefu, kama zipu ingefunga, kama kiuno kisingekuwa kinapwaya. Lundo hili watu huwa wanaligawa haraka haraka ili waanze upya, na mimi huwa naumia nikisikia hivo, maana nguo mpya rahisi kuliko zote ni ile unayoimiliki tayari ikakosa sentimita tatu za pindo.

Ila niseme ukweli sio kila kitu kinarekebishika, na fundi atakayekwambia kila kitu kinawezekana anataka hela yako. Kufupisha suruali, sketi na mikono ya shati, kubana kiuno, kupunguza upana wa miguu ya suruali, kubadilisha zipu au lastiki, kurudishia bitana iliyochanika, hizo ni kazi za kawaida na nguo inatoka kama haijaguswa. Kupanua ni habari nyingine. Geuza nguo nje ndani uangalie mshono, kama kuna kitambaa cha akiba kimeachwa pande zote mbili tunaweza kufungua kidogo, ila nguo nyingi za siku hizi zimepitishwa ovaloki (ile mashine ya kumalizia kingo) pembeni kabisa hazina hata nusu sentimita, hapo hakuna cha kufungua. Jinzi ukishusha pindo lake, ule mstari wa zamani uliopauka unabaki unaonekana. Ngozi ikishatobolewa na sindano tundu halijifungi. Na koti likikukataa mabegani mwachie anayelitosha, kufumua mabega ya koti ni kama kulishona upya na bei yake nayo inakuwa ya kulishona upya.

Kuhusu kutia rangi, hapa nina kidonda changu mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa nawaambia wateja nguo iliyopauka tunaitia nyeusi inaingia kabatini, rahisi. Mteja akaleta suruali ya kaki ya pamba, nikaichovya, kitambaa kikatoka cheusi safi kabisa, nikafurahi, nikaianika. Ilipokauka mishono yote ilikuwa bado ya kaki, mifukoni, pembeni, kwenye pindo, suruali imekaa kama imechorwa kwa chaki. Kumbe uzi wa kushonea ni poliesta, na rangi ya pamba haishiki poliesta. Nilimlipa mwenyewe hasara yake. Siku hizi nasoma lebo kwanza, na namwambia mteja mapema kabisa kwamba uzi utabaki na rangi yake, wengine wanapenda hivohivo, wengine wanaghairi.

Sasa rangi za kabati. Ushauri wa mtandaoni utakwambia nyeusi, nyeupe, kijivu na ya mchanga, watu wanaenda kununua vitu ambavyo hawajawahi kuvaa maishani mwao wanafanana na ukuta. Angalia lile lundo la nguo unazozivaa. Kama limejaa bluu ya giza na kahawia basi hizo ndo tulivu zako, usihangaike na nyeusi. Chagua mbili za kubeba kabati zima, hasa kwenye suruali, sketi, koti na viatu, maana hivi ndo vya bei, afu rangi moja au mbili za kuchangamka ziwe juu, kwenye blauzi, fulana, skafu. Ukichoka na njano mwakani unabadilisha fulana, hubadilishi koti. Michoro sawa, ila uangalie ndani ya mchoro kuna ile rangi yako ya kubeba, ikiwepo itakaa na vyote, isipokuwepo umejiletea sketi ya kijani nyingine.

Kingine ambacho watu wanakidharau: piga picha. Tandika pigo moja kitandani, picha, badilisha suruali, picha, weka kwenye albamu moja ya simu. Asubuhi huwazi, unaperuzi tu. Na ukiwa dukani unafungua hiyo albamu unalinganisha rangi pale pale, maana rangi ya kichwani kwako na rangi ya kabatini huwa ni ndugu wa mbali.

Ikibaki kitu cha kununua, na mara nyingi utakuta ni viwili vitatu tu, andika kwenye simu, afu nunua kimoja kimoja. Usinunue kabati zima mwezi mmoja, hiyo sio bajeti tena. Na bei usiitazame peke yake, igawanye kwa mara utakazovaa. Suruali ya bei mara tatu ya nyingine, ukiivaa mara 90 wakati ile ya rahisi imechanika mara ya 20, kila ukivaa ile ghali imekugharimu pungufu, piga mwenyewe utaona. Ila hapo hapo watu wanajidanganya, gauni la sherehe la bei kubwa halitavaliwa mara 90, hilo kodi au azima kwa dada yako.

Mtumba hauna aibu yoyote, nguo nyingi ninazovaa mimi ni mtumba, shida ni kukagua. Anza kwapani, hapo jasho linakula kitambaa kabla ya pengine popote. Afu ndani ya mapaja na makalio, inyanyue kwenye mwanga, ukiona imekuwa kama chujio iache. Ndani ya kola. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu, sio mara moja. Lastiki ivute karibu na sikio, ikitoa mlio wa kukatika katika kama majani makavu imekufa ndani, hata kama kwa nje iko sawa, na hiyo sio mbaya sana kama ni kiunoni maana tunabadilisha, ila kama ni kitambaa chenyewe chenye kuvutika hakirudi tena. Kamata kitambaa kwenye ngumi uhesabu hadi kumi, ukiachia kikabaki kimejikunja kama karatasi jua pasi itakuwa rafiki yako kila siku. Fulana nyeupe tia mkono ndani, ukiziona kucha zako vizuri basi ni nyepesi mno, itahitaji kitu cha kuvaa ndani na hutakivaa. Ya pamba tupu ambayo haijawahi kufuliwa acha nafasi kidogo, inaweza kurudi ikawa ndogo ikiingia majini.

Ufuaji naupitia haraka ingawa unastahili makala yake. Kabati dogo maana yake kila nguo inavaliwa sana, kwa hiyo inafuliwa sana, ukifua vibaya umerudi ulikotoka ndani ya miezi. Geuza nje ndani, maji baridi, anika kivulini maana jua linapausha, nguo yenye mvutiko usiipeleke kwenye joto kali, sweta likunje usilitundike litakuwa gauni. Jinzi sio lazima uifue kila ukiivua. Na kifungo kikianza kulegea kishone siku hiyohiyo, kikidondoka barabarani utatafuta pacha wake mpaka uchoke.

Yule dada tulimaliza naye hivi: kati ya zile 34 tulikuta shati la krimu kubwa la mikono mirefu alilokuwa anasema linamfanya aonekane kama hema, tukalibana mbavuni, tukafupisha mikono. Likakubaliana na sketi ya kijani, na suruali zake tatu. Suruali mbili nyingine zilikuwa zinaburuza chini kwa upana wa vidole viwili tu, tukazipandisha. Alinunua kitu kimoja, mkanda wa kahawia. Alitoka na nguo 22 anazozivaa, zingine akagawa mwenyewe kwa wadogo zake, na kuna gauni moja jekundu lisiloenda na chochote alikataa katakata kuliachia, tukamwacha nalo, maisha ni yako.

Huduma yetu ndo hiyo. Unaleta nguo zako zisizozidi 20 kwa mara moja, tunazipanga nawe mezani, tunakwambia ipi inafaa kurekebishwa na ipi usitupie hela, bei ya kila kazi unaijua kabla hatujagusa mkasi, na unaondoka na picha za mapigo yako kwenye simu. Ndiyo, tunashona nguo mpya pia, kwa hiyo tukikwambia usishone jua tumejinyima wenyewe. Njoo na viatu unavyovivaa zaidi, bila viatu hatupimi pindo, tumeshapimia watu pekupeku wakarudi siku ya pili na suruali zimepaa. Vaa nguo ya ndani ya kawaida yako, nayo inabadilisha vipimo. Na jamani, tunawapenda sana, lakini nguo zifueni kabla ya kuleta, fundi anafumua mshono wa kwapani uso ukiwa hapohapo.